Treni ya Yamanote, Tokyo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nayapata kila siku kutoka kwa wanafunzi wapya, ndugu walioko nyumbani, na watu wa mambo ya usafiri wanaotaka kujua Tokyo inawezaje kubeba mamilioni ya watu kila asubuhi bila mji kusimama. Nimechagua laini moja, Yamanote, kwa sababu ukiielewa hiyo treni nyingi za mijini Japani utakuwa umeshazielewa, na hizo nyingine nimezigusa pale inapobidi.

Yamanote ndo treni gani hiyo?

Ni laini ya duara inayozunguka katikati ya Tokyo, kilomita 34.5, stesheni 30, na kuzunguka yote ni kama saa moja na dakika chache hivi. Inaendeshwa na JR East, kampuni kubwa ya reli ya mashariki mwa Japani. Inapita juu ya ardhi, siyo ile ya chini kwa chini, watu wengi wanachanganya hapo, na utaijua kwa ile rangi yake ya kijani iliyoko kwenye treni, kwenye mabango na kwenye ramani.

Umuhimu wake uko kwenye stesheni zake. Karibu sehemu zote unazozisikia ukitajiwa Tokyo ziko juu ya hilo duara: Tokyo yenyewe, Ueno, Ikebukuro, Shinjuku, Shibuya, Shinagawa. Halafu treni za kampuni binafsi zinazotoka vitongojini nyingi zinakuja kuishia hapo hapo, Odakyu na Keio pale Shinjuku, Tokyu pale Shibuya, Seibu na Tobu pale Ikebukuro, Keisei pale Ueno. Kwa hiyo mtu anayekaa mbali anaingia mjini na treni ya kampuni moja, anashuka, anapanda Yamanote vituo vitatu vinne, anafika kazini. Shinjuku peke yake, ukijumlisha kampuni zote, ilikuwa inapitisha watu zaidi ya milioni 3 kwa siku kabla ya korona, na ndo stesheni inayotambulika kuwa na abiria wengi kuliko zote duniani.

Ilijengwa lini? Walianza tu na duara?

Hapana, duara lilikuja baadae sana. Kipande cha kwanza kilifunguliwa 1885 kutoka Shinagawa mpaka Akabane na kampuni iliyoitwa Nippon Railway, na lengo kubwa halikuwa abiria wa mjini, walitaka kuunganisha reli ya kaskazini na ile ya kwenda bandari ya Yokohama ili hariri itoke mashambani ikapakiwe melini. Upande wa magharibi kulikuwa mashamba mashamba tu, ndo maana walipata nafasi ya kupitisha reli. Umeme ukaja 1909, na mwaka 1925 kipande kati ya Kanda na Ueno kilipokamilika ndo treni zikaanza kuzunguka moja kwa moja.

Mpaka leo kwenye makaratasi Yamanote rasmi ni kilomita 20.6 tu, upande wa magharibi kutoka Shinagawa kupitia Shinjuku mpaka Tabata, upande wa mashariki reli ni za laini nyingine mbili za zamani, Tohoku na Tokaido. Abiria hahitaji kujua hilo ila wapenda treni watakuuliza!

Stesheni mpya kuliko zote ni Takanawa Gateway, imefunguliwa Machi 2020. Kwenye ujenzi wa eneo lile walifukua tuta la mawe la reli ya kwanza kabisa ya Japani, ya mwaka 1872, lililokuwa limejengwa ndani ya maji ya bahari kabla pwani haijafukiwa. Kipande chake kimehifadhiwa, na mimi naona kila anayependa reli akapaone.

Kama ni duara, treni inaanzia wapi na inaishia wapi?

Gereji kubwa iko karibu na Osaki, upande wa kusini, kwa hiyo treni nyingi zinaanza na kumaliza kazi hapo Osaki, chache Ikebukuro na Shinagawa. Ukisikia tangazo kwamba treni hii inaishia Osaki usishangae, shuka tu usubiri ya nyuma yake. Madereva na makondakta nao wanabadilishana Osaki, utawaona wamesimama kwenye jukwaa na mabegi yao wakisubiri treni yao.

Kuna treni 50 za aina moja, E235, kila moja ina mabehewa 11, kila behewa milango minne kila upande. Asubuhi zikiwa zinafuatana kwa dakika tatu tatu hivi, piga hesabu, kila upande kuna treni kama 20 zinazunguka kwa wakati mmoja.

Nitajuaje nipande upande gani?

Kuna mzunguko wa nje na mzunguko wa ndani. Japani treni zinapita kushoto kama magari, kwa hiyo ya nje inazunguka kufuata mshale wa saa na ya ndani kinyume chake. Usijisumbue kukariri, angalia bango la jukwaa limeandika stesheni kubwa zinazofuata, mfano "Shibuya, Shinagawa" au "Ikebukuro, Ueno". Kila stesheni ina namba pia, kuanzia JY01 ambayo ni Tokyo mpaka JY30 Yurakucho, ukiona namba zinapanda uko kwenye ya ndani. Na hata ukikosea utafika tu, duara halimpotezi mtu, ila unaweza kupoteza zaidi ya nusu saa.

Siri ya kutochelewa ni nini hasa? Ni mwendo kasi?

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo swali lenyewe. Mwendo kasi sio kabisa. Yamanote haizidi kilomita 90 kwa saa na mara nyingi haifiki hapo, stesheni zenyewe ziko karibu karibu. Kinachoamua ratiba ni muda treni inaokaa imesimama na milango wazi. Treni zikifuatana kwa dakika tatu, moja ikikaa Shinjuku sekunde 20 zaidi, ya nyuma yake inalazimika kupunguza mwendo, wakati huo huo kwenye jukwaa linalofuata watu wanazidi kujaa kwa sababu treni imechelewa kufika, wakiwa wengi wanachukua muda zaidi kupanda, basi inachelewa zaidi, na ikiachwa hivyo kwa nusu saa unakuta treni tatu zimebanana nyuma yake na mbele kuna pengo kubwa tupu. Kila unachokiona kwenye jukwaa kimewekwa kupigana na hilo tatizo moja.

Angalia sakafuni: kuna alama zinaonyesha mlango utasimama wapi, na watu wanapanga mistari pembeni ya mlango, katikati wanaachia wanaoshuka. Treni inasimama pale pale kwenye alama, siku hizi kuna mtambo unaomsaidia dereva kusimama sawasawa kwa sababu jukwaani nako kuna milango na lazima ikutane na ya treni. Wanaoshuka wanashuka kwanza, wote. Halafu unasikia muziki mfupi, stesheni nyingi zina wake, ulianza Shinjuku na Shibuya mwaka 1989 kuchukua nafasi ya kengele kali iliyokuwa inawapa watu presha. Ebisu wanapiga ule wa tangazo la bia kwa sababu mtaa wenyewe umeota kuzunguka kiwanda cha bia. Muziki ukiisha milango inafungwa.

Sasa simama nyuma kabisa ya jukwaa umuangalie kondakta. Ametoka nje ya kichumba chake, anatazama urefu wa treni nzima, mita 220, na zile skrini za kamera, ananyoosha mkono anaelekeza kidole kwenye kile anachokikagua na anakitamka kwa sauti, milango imefungwa, taa imewaka, ndo anampa dereva ishara. Dereva naye mbele anafanya vile vile, ananyooshea kidole taa ya reli, saa yake iliyowekwa kwenye kishimo mbele yake, na ratiba yenye sekunde. Wageni wengi wanadhani ni mbwembwe. Ni kwamba mtu akinyoosha kidole na kutamka hawezi kufanya kazi kwa mazoea huku akili iko kwingine, taasisi ya utafiti wa reli ya Japani ilipima hilo miaka ya 90 na makosa yalipungua kwa karibu asilimia 85. Haigharimu hata senti moja, na kiwanda chochote au hospitali yoyote inaweza kuiga kesho.

Nyuma ya pazia kuna mitambo pia. Tangu 2006 Yamanote inatumia mfumo wa kidijitali ambapo treni yenyewe inajua iko umbali gani na ya mbele yake na inashika breki taratibu kwa mpigo mmoja, badala ya kupunguza kwa hatua hatua, ndo maana zinaweza kufuatana kwa karibu bila hatari. Na duara hili halichangii reli na treni za aina nyingine, Yamanote ina reli zake mbili peke yake, wakati laini nyingine iitwayo Keihin-Tohoku inapita pembeni kwenye reli zake na upande wa magharibi treni za laini ya Saikyo zina zao. Tatizo la huko halikimbilii huku haraka.

Na ikichelewa je, maana lazima kuna siku inachelewa

Inachelewa, tena mara nyingi kuliko watu wa nje wanavyoamini, hasa dakika mbili tatu asubuhi. Mlango uliobana begi, mtu kazirai, kitu kimeanguka relini. Cha kushangaza wageni ni kwamba treni ya nyuma ikichelewa, ya mbele nayo inashikiliwa kidogo kusudi, utasikia tangazo kwamba tunasubiri ili kuweka nafasi sawa kati ya treni. Abiria wa ile ya mbele wananuna, ila ndo dawa yenyewe ya lile pengo nililoeleza juu. Laini ya kawaida ikifika mwisho inapumzika dakika kadhaa ikarudisha ratiba, duara halina mwisho, kwa hiyo lazima lirekebishwe likiwa linaenda.

Ukichelewa kazini au kwenye mtihani chukua cheti cha kuchelewa, ni kikaratasi wanatoa getini au unakipata mtandaoni, shule na maofisi wanakikubali bila maneno. Laini ikisimama kabisa kuna utaratibu wa kukubebesha kwenye laini za kampuni nyingine kwa tiketi yako ile ile. Wenye tiketi za karatasi na pasi za mwezi ndo wanaofaidika hapo, mwenye kadi ya salio tu kwa kawaida analipa mwenyewe, hili linawauma wengi kwa sababu hawakuambiwa mapema.

Hivi ni kweli wanasukuma watu ndani ya treni?

Ilikuwa kweli na picha zile ni halisi. Walianza Shinjuku 1955, mwanzo walitumia wanafunzi wa kazi za muda, na miaka ya 70 laini za Tokyo zilikuwa zinabeba zaidi ya mara mbili ya uwezo wake kwa wastani. Leo utaona wafanyakazi asubuhi wanasaidia mkono au begi lililobana mlangoni, lakini ile ya kusukuma kwa mabega imepungua sana.

Imepungua kwa sababu waliongeza njia, mwaka baada ya mwaka. Mfano mzuri ni kipande cha Ueno kwenda Okachimachi kwenye Yamanote, kilikuwa kati ya sehemu zilizojaa kuliko zote nchini, abiria wa kaskazini walikuwa wanashuka wote Ueno wanahamia humo. Machi 2015 wakafungua reli inayoendelea kutoka Ueno mpaka Tokyo, treni za mbali zikapitiliza bila watu kushuka, na Yamanote ikapumua. Kipindi flani walijaribu mabehewa ya milango sita kila upande yenye viti vinavyokunjwa asubuhi ili wote wasimame, yaliondolewa kufika 2011 milango ya jukwaani ilipokuja maana haikulingana. Mimi naona somo kubwa liko hapo, msongamano ulipungua walipojenga reli nyingine pembeni, kubana watu zaidi ndani ya treni ile ile hakukumaliza kitu.

Bado saa 1 na nusu mpaka saa 3 asubuhi kumejaa. Kama una mizigo ya airport, tafadhali usipande saa hizo.

Nauli ikoje? Nikate tiketi au kadi?

Kadi. Suica, kadi ya salio ya JR East, ilianza Novemba 2001 na tangu Machi 2013 kadi kumi kubwa za mikoa mbalimbali zinakubaliana, kwa hiyo Suica ya Tokyo inafanya kazi Osaka, Nagoya, Fukuoka. Unagusa ukiingia unagusa ukitoka, inakata kulingana na umbali, safari fupi ni yen 150 na kitu. Geti limetengenezwa limalize kazi kwa sekunde 0.2 ili watu 60 wapite kwa dakika kwenye geti moja, na ukiwa Shinjuku asubuhi utaona kwa nini, mtu mmoja akisimama kutafuta kadi watu kumi wako mgongoni kwake. Shika kadi mkononi kabla hujafika.

Watoto chini ya miaka 6 ni bure, mtu mzima mmoja anaruhusiwa wawili, wa shule ya msingi nusu nauli.

Ila watu wengi asubuhi hawalipi kwa safari, wana pasi ya mwezi mmoja, mitatu au sita, kati ya nyumbani na kazini au shuleni. Pasi ya mfanyakazi kwa kawaida inalipwa na mwajiri wake, na serikali haikati kodi kwenye hela hiyo mpaka yen 150,000 kwa mwezi. Jambo hili dogo ndo limeujenga mji. Mtu anaweza kukaa saa moja na nusu kutoka kazini kwa sababu gharama ya treni haitoki mfukoni kwake, mwajiri ana sababu ya kuweka ofisi karibu na stesheni, na kampuni ya treni ina mapato ya uhakika. Wanafunzi wanapata punguzo kubwa sana. Tangu Machi 2023 JR East inauza pia pasi ya bei nafuu kwa wanaokwepa saa za msongamano wa asubuhi.

Naweza kulipa kidogo nikazunguka duara zima?

Kwenye eneo la Tokyo nauli inahesabiwa kwa njia fupi hata kama umepita ndefu, mradi usipite stesheni ile ile mara mbili na usitoke nje. Kwa hiyo kutoka Tokyo kwenda Kanda, ambayo ni stesheni inayofuata, unaweza kuzunguka kwa upande wa pili kupitia Shinagawa, Shibuya na Shinjuku ukalipa nauli ndogo kabisa, ni halali. Ukizunguka ukarudi pale pale ulipoanzia hapo umevunja sharti, na geti litakukatalia. Ukikaa muda mrefu sana geti nalo litakataa, nenda dirishani ueleze.

Nani anamiliki na hela inatoka wapi?

Zamani ilikuwa shirika la serikali, JNR. Lilizama kwenye madeni ya yen trilioni 37 hivi na 1 Aprili 1987 likavunjwa, kampuni sita za abiria na moja ya mizigo. JR East ilipata mashariki pamoja na Tokyo, yaani kipande chenye watu. Yamanote inajiendesha kwa nauli bila ruzuku na inasaidia kubeba laini za vijijini za kampuni hiyo hiyo zenye abiria wachache.

Nauli siyo peke yake. Lumine na Atre, yale maduka makubwa juu ya stesheni, ni ya kundi la JR East, na migahawa ya ndani ya geti iko kwenye mali yao pia. Fikra hii ilianzia Osaka kwa Kobayashi Ichizo wa kampuni ya reli ya Hankyu, alifungua reli yake 1910 kupitia sehemu ambazo hazikuwa na watu, akauza viwanja na nyumba kwa mkopo pembeni ya reli, akaanzisha kundi la maonyesho Takarazuka mwishoni mwa laini ili watu wapande wikiendi, na 1929 akajenga duka kubwa kwenye stesheni ya Umeda. Kwa hiyo treni inaleta thamani kwenye ardhi na ardhi inalipia treni. Sehemu nyingi duniani serikali inajenga reli halafu faida ya viwanja vinavyopanda bei inaenda kwa watu wengine kabisa, na hapo ndo reli inaanza kuonekana hasara.

Usalama ukoje? Watu wanaanguka relini?

Ilitokea 26 Januari 2001 stesheni ya Shin-Okubo, hii hii Yamanote. Mtu alikuwa amelewa akaanguka relini, wakaruka wawili kumuokoa, mwanafunzi Mkorea Lee Soo-hyun na mpiga picha Mjapani Sekine Shiro, treni ikawakuta wote watatu. Kuna kibao cha kumbukumbu kwenye ngazi pale stesheni, ukipita kisome. Baada ya hapo stesheni ziliwekewa vitufe vya dharura kwenye jukwaa na nafasi ya kujificha chini ya jukwaa. Kwa hiyo ukiona mtu kaanguka USIRUKE, bonyeza kitufe chekundu kwenye nguzo, treni zinasimama. Hakuna atakayekulaumu.

Milango ya jukwaani ilianza Ebisu mwaka 2010 na sasa iko karibu stesheni zote za Yamanote. Imezuia walevi, wasioona, wanaotembea wakiangalia simu, na pia wanaotaka kujiua, maana hilo nalo lipo na matangazo ya ajali ya mtu kwenye laini nyingine utayasikia. Kama wewe mwenyewe uko ugenini na umelemewa, zungumza na mtu, tafadhali, hata leo.

Jambo lingine lazima lisemwe. 25 Aprili 2005 kwenye laini ya Fukuchiyama ya JR West, Amagasaki karibu na Osaka, treni iliingia kwenye kona ya kilomita 70 kwa saa ikiwa na mwendo wa 116, ikaacha reli ikagonga jengo la makazi. Walikufa watu 107 pamoja na dereva, kijana wa miaka 23. Alikuwa amepitiliza alama ya kusimama stesheni ya nyuma na amechelewa kama dakika moja na nusu, na kwenye kampuni ile dereva akikosea alipelekwa kwenye mafunzo yaliyokuwa adhabu na udhalilishaji. Baada ya hapo ilibidi kuweka mitambo inayopunguza mwendo yenyewe kwenye kona na kulegeza ratiba zilizokuwa zimebana. Wanaosifia sekunde za Japani wajue na hili, ratiba nzuri ni ile yenye nafasi ya mtu kukosea akarekebisha bila hofu.

Tetemeko la ardhi likipiga?

Vipimo vinashika mtikisiko wa kwanza na treni zinaamriwa kusimama. Shika nguzo, kaa ndani, usijifungulie mlango. Tarehe 11 Machi 2011 JR East ilisimamisha treni zote za Tokyo mpaka kesho yake, na mamilioni ya watu wakatembea kwa miguu au wakalala maofisini. Ndo maana nawaambia wageni wote, jua njia ya kutembea kutoka kazini mpaka kwako.

Wanawake na watu wenye ulemavu?

Kushikwashikwa ndani ya treni ni tatizo la kweli Tokyo, haifai kulificha. Yamanote haina behewa la wanawake, ila kwenye laini za Saikyo na Chuo asubuhi yapo, alama iko kwenye jukwaa. Yamanote ndani kuna kamera na kitufe cha kuongea na kondakta. Piga kelele, shuka na shahidi kama yupo, nenda kwa mfanyakazi wa stesheni.

Kwa kiti cha magurudumu huduma ni nzuri kwa kweli. Unamwambia mfanyakazi getini unaenda wapi, anakupeleka mlango flani, anatandika ubao kati ya jukwaa na treni, unaingia, huku akipiga simu stesheni unayoshuka kuwaambia treni ipi, behewa la ngapi, mlango wa ngapi, na ukifika unakuta mtu mwenye ubao amesimama mbele ya mlango huo huo. Siku hizi kwenye baadhi ya milango wamepunguza lile pengo kiasi kwamba unapita mwenyewe.

Kwa nini treni zinalala usiku mji mkubwa hivi?

Za kwanza zinaanza kama saa 10 na nusu alfajiri, za mwisho zinaisha kama saa 7 usiku. Hayo masaa matatu manne ndo muda pekee wa kubadilisha reli, nyaya, kokoto, kwa sababu hakuna reli ya akiba. Machi 2021 walirudisha nyuma muda wa treni za mwisho, abiria wa usiku walipungua na mafundi wa usiku ni wachache, walihitaji muda zaidi. Kazi kubwa sana inafanyika wikiendi, Oktoba 2021 na Januari 2023 walisimamisha upande mmoja wa duara kati ya Osaki na Ikebukuro siku mbili mbili ili wapanue jukwaa la Shibuya. Mkesha wa mwaka mpya kwa kawaida inatembea usiku kucha watu waende kwenye mahekalu.

Osaka na Nagoya ni hivyo hivyo?

Osaka kuna duara la kilomita 21.7 na stesheni 19, ila treni za airport ya Kansai na za Nara zinaingia humo humo, kwa hiyo soma bango vizuri, ukilala utaamkia mkoa mwingine. Nagoya duara ni la chini kwa chini, Meijo, kilomita 26.4.

Ni kweli reli yao ni nyembamba kama ya kwetu?

Ndio, na nafurahi mtu akiuliza. Yamanote inapita kwenye reli ya milimita 1067, reli ya kati Tanzania na ile ya zamani ya Mombasa mpaka Kampala ni milimita 1000, tofauti ni milimita 67 tu! Ukiambiwa reli nyembamba haiwezi kubeba mji, mkumbushe Tokyo. Kinachotofautisha ni umeme, reli mbili za peke yake, makutano ya barabara yaliyoondolewa, na hayo mambo ya jukwaani. Yamanote yote ina sehemu moja tu ambayo magari bado yanakatiza reli, karibu na Komagome, nayo wamekubaliana kuiondoa.

Simu, kuongea, mabegi?

Simu weka kimya, usipokee. Kuongea kwa sauti ya chini hamna shida. Begi la mgongoni lishike mbele au juu kwenye rafu.

Nimesahau begi kwenye treni

Nenda stesheni yoyote ya JR, sema saa ngapi, upande gani, behewa la ngapi. Namba ya behewa imeandikwa mlangoni, ndo maana nashauri uiangalie ukiwa unapanda. Vitu vingi vinarudi, vikikaa siku kadhaa vinapelekwa polisi, nenda na kitambulisho.

Naondoka Japani, Suica yangu ina hela, nifanyeje?

Irudishe kwenye dirisha la stesheni ya JR East, huwezi kuirudisha Osaka. Wanakata yen 220 kwenye salio na wanakurudishia ile dhamana ya yen 500. Kama utarudi ibaki nayo tu, inafanya kazi mpaka ikae miaka 10 bila kutumika.